Ya Zamani Apewe Nani?

Jua likizama, msusi alilazwa chini ya mashine ya leza. Tangu utotoni alikuwa haoni mbali, na kwa kuwa uso wa mboni zake ulipinda, kila kitu alikiona kina kivuli. Wifi yake, dereva wa basi la shule, alimsindikiza, akabaki nje amemshikia mkoba na miwani.

"Tazama taa ya kijani. Usitikisike," daktari alisema.

Mashine ikanguruma. Ikatoka harufu ya nywele zinazoungua, na harufu hiyo msusi hakosei. Kisha... sikioni kabisa, mnong'ono.

"Ya zamani apewe nani?"

Miwani, aliwaza. Si ndiyo iko nje?

"Mpe wifi," alijibu, akicheka moyoni. Maana wifi huyo kwa utani hajambo. Msusi alimwita "Kipofu Wetu".

Asubuhi, lo! Alihesabu hata ndege juu ya paa la jirani. Lakini furaha haikufika mchana. Wifi aliingia akipapasa mlango, midomo inatetemeka.

"Wifi, nusura nimgonge mtoto. Sikumwona kabisa!"

"Hebu jaribu miwani yangu."

Akaivaa. "Eh! Utadhani nilipimiwa mimi."

Msusi akanyakua mkoba wake.

Alikimbilia kliniki. "Nani aliniuliza swali mle ndani?"

Muuguzi alimkodolea macho. "Hakuna, dada. Ila wewe ulisema, 'Mpe wifi.' Tukabaki tunaangaliana."

Kumbe aliyompa wifi siyo miwani. Ni macho yake ya zamani!

Jioni, chumbani kwake, msusi aliinua uso atie dawa ya macho. Harufu ile ile. Pumzi ya baridi shingoni.

"Niyarudishe?"

Sebuleni wifi alikuwa akimlilia kaka yake, mume wa msusi: "Shule imenifukuza kwa ajili ya yule mtoto. Kazi ndiyo basi tena, kaka. Watoto wangu watakula nini?"

Neno moja tu. Ndiyo. Msusi alifungua mdomo... akatazama dirishani. Mlima wa mbali, mti mmoja mmoja.

Akafunga mdomo.

Pumzi ikaondoka. Mlango ukafunguliwa, wifi akaingia, miwani ameivua kwa kulia, akamtafuta kwa mikono mpaka akampata, akamkumbatia.

"Angalau wewe umepona," alisema. "Wallahi, kama ingewezekana, ningekupa hata yangu."

Nyuma ya pazia kitu kikacheka, taratibu. Msusi akalia, machozi yanamwasha, wala hakuthubutu kuyafikicha macho.