Mwenyewe wa Kilima cha Sogoret

Mtu alikohoa nyuma ya Nerima, kile kikohozi cha mzee anayeomba nafasi ya kusema mkutanoni. Akageuka. Kontena waliyoigeuza ofisi ilikuwa tupu: meza, viti vya plastiki, ramani ya kilima ukutani na chupa ya chai. Nje jua la mchana liliwaka juu ya mashamba ya ngano ya Mau Narok.

"Omolo?"

"Niko huku, madam!" askari wa geti alijibu kutoka mbali, kule barabarani.

Kisha ikaja harufu ya moshi wa majani mabichi na ngozi ya mbuzi iliyolowa. Nerima alifungua dirisha, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa amechoka mno hata hakuweza kuogopa.

Kazi yake ilikuwa kusema na watu. Kampuni iliyopewa kandarasi ya kujenga kituo cha kutazama nyota juu ya kilima cha Sogoret ilimwambia atakuwa daraja. Hakuna aliyemkumbusha kwamba daraja hukanyagwa na wa huku na wa huko. Wenyeji walisema kileleni ndipo wazee wao walipoombea mvua tangu zamani, kwenye mawe makubwa yaliyopangwa kwa duara, na kwamba kila jiwe ni kiti cha mmoja wa waliotangulia. Hao walifunga barabara kwa magogo, wakaimba kutwa. Vijana waliotaka ajira nao walikuja kuwazomea, na ilifika mahali ndugu wa tumbo moja wanakaa benchi tofauti kanisani. Kijijini Nerima aliitwa msaliti. Ofisini aliambiwa ni mpole kupita kiasi. Nyumbani kwake Nakuru, mumewe Gedion alizoea kumuuliza kila jioni kama wameelewana, hadi siku moja akaacha kuuliza.

"Injinia, hawakatai kituo," alimwambia mkuu wake, Lewis. "Wanasema tusogee tu upande wa mashariki, mawe yabaki."

"Nerima, hii stori tumeongea mara ngapi? Ni mawe tu."

"Kwao si mawe."

Lewis alijikuna shingo, akatazama simu yake. "Sawa. Ita mkutano mwingine Jumamosi. Waite wote, hata ule mathe kichwa ngumu."

Mathe kichwa ngumu alikuwa Chepchirchir, bibi mjane aliyeongoza maandamano akiwa na kifimbo na sauti ya kufika bondeni. Nerima alimwendea mwenyewe hadi shambani, akamkuta akipalilia viazi, akambembeleza. Aliamini kwamba Lewis ameanza kulegea.

Jumamosi watu walikuja kwa wingi, wakajaa uwanja wa shule chini ya kilima. Lewis peke yake ndiye hakuonekana. Chepchirchir alisimama, akaanza kusema habari za mvua na za mababu, na hapo ndipo mngurumo wa tingatinga ulipoteremka kutoka kileleni.

Nyuso zote zikamgeukia Nerima.

"Ndiyo maana umetuita?" Chepchirchir aliuliza bila kupaza sauti.

"Gogo," Nerima alisema, akimwita bibi kwa lugha ya pale, "sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

Alisema kweli, lakini ukweli wenyewe haukuwa na faida kwa mtu yeyote pale. Miezi ya kubisha hodi, kunywa chai za watu, kuapa kwa niaba ya wengine, kumbe alikuwa chambo tu.

Mngurumo ukakatika ghafla, kama mnyama aliyeshikwa shingo.

Walipoanza kupanda, jua lilikuwa bado linawaka. Lakini kadiri walivyosogea ukungu uliteremka kuwalaki, mweupe, mzito, wenye harufu ile ile ya moshi wa majani na ngozi iliyolowa, ukawafunika mmoja baada ya mwingine hata Nerima hakuona tena kisogo cha aliyemtangulia, akawa anafuata tu mlio wa kifimbo cha Chepchirchir kikigonga mawe, na kushoto kwake, mahali palipokuwa na mteremko mtupu usioweza kukanyagwa na mtu, kitu kilikuwa kinapanda pamoja naye, taratibu, kikikohoa kile kikohozi cha kuomba nafasi ya kusema, kikinyamaza kila aliposimama, kikianza tena kila alipopiga hatua.

Kileleni duara halikuwapo. Mawe yalikuwa yamesukumwa rundo moja kama takataka, na moja lilikuwa limesagwa na minyororo ya tingatinga hadi likawa changarawe. Lewis alisimama kando, simu mkononi, midomo imemkauka.

"Imejizima yenyewe," alinong'ona. "Na Jerry... mwangalieni Jerry."

Jerry, dereva wa tingatinga, alikuwa kijana wa Kihoto kule Naivasha. Ziwa lilikuwa limekula nyumba yao, akawa anafanya kazi yoyote aliyopewa. Alikaa wima kwenye kiti chake, macho wazi, mikono juu ya magoti kama mzee barazani. Udongo mkavu ulikuwa unamdondoka mdomoni. Kisha akasema. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nzee, yenye mikwaruzo, na maneno yalikuwa ya lugha ya pale kilimani, lugha ambayo Jerry hakujua hata salamu yake.

"Kwa jina la Yesu," Omolo alisema, akarudi nyuma. "Hii ni jini, madam. Jini kabisa."

"Anasema nini?" Lewis aliuliza.

Chepchirchir alitega sikio kwa taabu. "Anasema kizamani, kama nyanya yangu. Anauliza nani amemtoa kwenye kiti chake."

"Huyu ana malaria. Mshusheni tumpeleke hospitali!" Lewis alifoka.

Wanaume wanne walimshika. Hakuinuka. Mkono wake ulikuwa baridi na mzito kama kitu kilichoota mizizi hapo. Alipovuta pumzi, kikohozi kilisikika kutoka pande zote za ukungu, si kimoja tena bali vingi, kimoja kikimjibu kingine.

"Injinia, mawe yarudi," Nerima alisema.

"Nikirudisha leo, kesho nitaanzia wapi? Nina wakubwa wangu, Nerima! Ongea na hawa watu, hiyo ndiyo kazi yako."

"Nimeongea!" Sauti ilimtoka Nerima hata mwenyewe akashtuka. "Nimeongea mpaka nimekauka mate, na hakuna hata mmoja wenu aliyesikia! Sitaongea tena!"

Alivua koti, akapiga magoti mbele ya jiwe la kwanza, akalisukuma kwa bega. Halikusogea. Omolo akaja akaweka bega lake. Kisha wakaja vijana waliotaka ajira, kisha wazee waliowalaani, wakasukuma pamoja wakihema, bila mtu kumuuliza mwenzake yuko upande gani. Chepchirchir aliwaonyesha kila jiwe lilipokaa. Duara lilijengeka tena, ila palibaki pengo moja, mahali pa lile lililosagwa.

Jerry aligeuza kichwa, akalitazama pengo. Pumzi yake ilianza kukwama.

"Huyo hana pa kukaa," Chepchirchir alisema. "Atakaa ndani ya kijana mpaka ammalize."

"Tutafute jiwe lingine," Nerima alisema.

"Wewe unaweza kutafutiwa mama mwingine?"

Bibi alivua shuka lake, akaliweka mkononi, akaenda hadi kwenye tingatinga. Alisema kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama anayemkaribisha baba mkwe. Alisema kwa muda mrefu. Mwishowe Jerry alianguka kifudifudi kwenye matope, akatapika udongo, akalia akimwita mama yake kwa Kijaluo.

"Umefanya nini, gogo?"

"Nimemwambia aje kwangu. Mgeni hafukuzwi."

Ukungu ulifunguka. Chepchirchir aliteremka kilima polepole, mkono wake mmoja ameunyosha kando, kama mtu anayemwongoza kipofu njiani.

Ujenzi ulisimamishwa na kesi ikapelekwa mahakamani, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Lewis alihamishwa. Jerry alirudi Naivasha na hakupanda tena tingatinga. Kijijini zile benchi za kanisani zilitengana upya, vijana wakiwalaumu wazee kwa kazi zilizopotea. Nerima alipiga simu kampuni, akaenda kwa mawakili, akasubiri kwenye maofisi. Kila mtu alimwambia arudi wiki ijayo.

Mvua ya masika ilipopungua, alimpelekea Chepchirchir sukari na unga. Alimkuta jikoni kwake, amekonda hadi mifupa ya mabega inaonekana, ile sauti ya kufika bondeni imebaki mnong'ono. Karibu na mafiga palikuwa na kigoda kitupu, na mbele yake kikombe cha mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni.

"Usikae hapo," bibi alisema upesi.

Nerima alikaa sakafuni. Maziwa ndani ya kikombe yalikuwa yanapungua, kidogo kidogo, bila mkono.

"Kesi?" Chepchirchir aliuliza.

"Imeahirishwa tena, gogo. Nimejaribu kila mlango."

Bibi aligeukia kigoda, akatafsiri. Akasikiliza. Akainamisha kichwa.

"Amechoka kungoja. Na mimi ananiona nimezeeka. Ananiuliza, nikienda, nani atamkaribisha. Jana aliniuliza yule msichana wa mikutano anakaa wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Mimi Nakuru siijui, mwanangu. Nilimwambia tu nasikia ni mtaa wa Section 58."

Nerima alisimama. Hakuwa amewahi kumwelekeza bibi huyu nyumbani kwake, wala mtu yeyote wa kilimani.

"Akasema nini, gogo?"

Chepchirchir alikiangalia kikombe, sasa kikavu, akakijaza tena.

"Amesema amepaona. Amesema lile geti lenu la kijani halifungi vizuri."