Gari ya Watu Saba

Jioni ile nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu. Nilitaka kutoka mapema nimpitie mama dawa zake za presha kabla famasi ya Hamriya haijafunga kwa Magharibi. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Naitwa Rawya. Miaka ile nilikuwa nauza gari kwenye duka moja kubwa pale Wadi Kabir, Maskati. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya tufani la Gonu, na gari zilikuwa zinapanda bei kila meli ikiteremsha nyengine bandarini. Tangu tufani, kila mwanamke wa Maskati alitaka gari iliyonyanyuka juu. Kila mume alikuwa akiuliza bei ya hizo za juu, fowili, anakohoa, kisha anahamia upande wa gari ndogo, saluni.

"Wadi likijaa maji likashuka, hiyo saluni yako itaelea kama sufuria," mke mmoja alisema mchana ule.

"Na tukichukua hiyo kubwa, tutakula tairi," mume akamjibu.

Waliondoka na saluni. Wote walikuwa wanaondoka na saluni. Meneja wetu, Samir, alikuwa anazitizama zile fowili za siti saba zilivyojipanga na vumbi juu yake, na uso wake ulikuwa umeingia ndani kama wa mtu aliyefiwa.

Nikazima taa ya meza yangu. Nikageuka.

Bibi mmoja alikuwa amesimama mlangoni.

Sikusikia teksi. Sikusikia mlango. Alivaa abaya nyeusi ya kizamani, na upindo wake ulikuwa umerowa, unadondosha maji kwenye vigae. Mvua ilikuwa haijanyesha Maskati miezi mingi.

"Nnataka gari, mwanangu," akasema, kwa Kiswahili cha kwetu, cha Unguja. "Sijui nichukue saluni au ile ndefu."

Nikacheka kidogo, kwa adabu. "Karibu, bibi. Inategemea mko wangapi nyumbani."

"Sita. Wa saba yupo njiani."

Nikadhani ni wajukuu. Nikamwambia saluni itawabana, lakini bei yake nafuu, na petroli haili sana. Akasikiliza huku anaitika kwa kichwa. Kisha akaiendea saluni iliyokuwa karibu, akafungua mlango wa nyuma, akainama.

"Ingieni," akanong'ona.

Nikasimama pale pale. Hakuingia mtu. Hapakuwa na mtu. Lakini gari ikashuka.

Ikashuka tena.

Nikaziona springi zikilala na mpira wa tairi ukitanuka pembeni, kama vile inavyokuwa ukishapakia watu wazima. Bibi akatizama ndani kwa muda, akatikisa kichwa.

"Haiwatoshi. Wanaumia miguu." Akafunga mlango taratibu. "Tuijaribu ile."

Ningekimbia saa ile. Lakini Samir alishatoka ofisini kwake mbio, ufunguo mkononi, ameshasikia kuwa kuna mteja wa fowili. "Yallah, Rawya, mpeleke bibi akaijaribu! Bibi, karibu, karibu sana." Yeye aliona bibi kizee mwenye pesa. Basi.

Nikakaa kwenye usukani. Bibi akakaa ubavuni mwangu. Milango ya nyuma ikafunguliwa na kufungwa, nikasema labda ni Samir. Nikatizama. Samir alikuwa ameshaingia ndani.

Tukatoka.

"Nenda njia ya Qantab," bibi akasema. "Nnataka kuona inavyopanda mlima."

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya majabali. Tulipoupita mzunguko wa Al Bustan nikaanza kusikia harufu. Tope. Tope la wadi, lile zito, lenye majani yaliyooza na mafuta ya gari ndani yake. Mwaka uliopita mji mzima ulinuka hivyo. Nikawasha kiyoyozi mpaka mwisho. Harufu ikazidi.

Kisha nyuma yangu…

Klik.

Mtu alifunga mkanda.

Klik… klik…

Nikatizama kioo cha kati. Siti tupu. Zote tupu. Lakini gari ilikuwa nzito. Nimeipandisha gari ile mlima ule mara nyingi, peke yangu na nikiwa na wateja tele, naijua inavyolalamika ikiwa imejaa. Ilikuwa imejaa. Na vioo vya nyuma vikaanza kufanya ukungu kwa ndani, kidogo kidogo, kama watu wanapumua.

"Bibi," nikasema. "Bibi, tumepakia nani?"

Akawa anapapasa dashibodi kwa kiganja, kama anapapasa mgongo wa ng'ombe sokoni.

Ndipo mtu aliyekaa nyuma yangu akaniita, karibu kabisa na sikio.

"Rere…"

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyeniita Rere. Kaka yangu Anas. Alikwenda Qurayyat siku ya Gonu kumchukua rafiki yake, na saluni yake ndogo, na wadi likamchukua yeye. Walimpata baada ya maji kukauka, wakamjua kwa shati na saa. Tulimzika sisi wenyewe. Mama peke yake ndiye aliyekataa. Alimfunua uso, akamtizama, akasema, "Yule si Anas. Mnazika nini?" Nilimwambia amwogope Mungu. Hakusema tena mbele yangu. Lakini kila alfajiri, baada ya sala, nilimsikia ananong'ona na ukuta mpaka jua linatoka.

Nikaisimamisha gari pembeni, kwenye mteremko, Qantab iko chini yetu na taa zake chache.

Sikugeuka. Nilirudisha mkono tu nyuma, baina ya siti mbili. Sijui nilitoa wapi ujasiri. Mkono ukabaki unaelea peke yake kwenye ile baridi…

Ukashikwa.

Vidole vya maji. Vimesinyaa kama vya mtu aliyekaa ndani ya birika la maji siku nzima. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa nje. Kile kile alichokivunja akicheza mpira, kikapona upande.

"Anas," nikalia. "Anas, toka. Shuka, twende kwa mama."

"Hawezi," bibi akasema, kwa upole kama anazungumza na mgonjwa. "Hakufa, mwanangu. Amechukuliwa. Na aliyechukuliwa harudi."

"Basi nichukue mimi na mwachie yeye!"

"Wewe hujaomba. Umesema tu." Akanigeukia kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa na kitu ndani, yalikuwa kama vioo vya gari iliyozimwa. "Yupo aliyeomba. Kila alfajiri anaomba apelekwe alipo mwanawe. Mwaka mzima namsikia. Lakini nilikuwa na saluni. Tunabanana. Nafasi sina. Leo ndiyo nimekuja kutafuta nafasi."

Mkono uliokuwa umenishika ukanibana mara moja, kwa nguvu. Kisha ukaniacha.

Sijui nilivyoigeuza gari kwenye njia ile nyembamba. Bibi hakunizuia. "Geuza tu," alisema. "Nimeridhika nayo." Nilishuka mlima kama mwendawazimu, tairi zinalia kwenye kona. Tulipofika dukani nikauzima moto wa gari, nikachomoa ufunguo, nikaruka. Nikamwacha amekaa mle ndani na watu wake. Samir akatoka, "Vipi, kaipenda?" Nikampita. Nikaingia gari yangu, nikaondoka na ufunguo ule nimeukamata mpaka ukanichoma kiganja. Nilijiambia hawezi kwenda popote. Ufunguo ninao.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango.

Alivaa abaya yake ya Idi. Amejitia udi na asumini. Mtandio umefungwa vizuri, kibeti mapajani, miguu imekaa pamoja kama mtoto anayengoja gari ya skuli.

"Umekuja na nani?" akaniuliza. "Nimesikia gari nikadhani ndio wao."

"Wao nani, mama?"

Nikafunga mlango. Nikazungusha ufunguo, nikapiga na komeo, nikakaa chini na mgongo wangu nimeuegemeza kwenye ubao. Nikaanza Ayatul Kursi. Ulimi wangu ukawa mzito, naikosea mimi niliyeijua tangu chuo cha Kurani.

"Rawya. Usinizuie."

"Mama, hiyo si njia ya kumpata. Wallahi si njia."

"Wewe umemgusa," akasema. Hakuuliza. Alikuwa anatizama mkono wangu. Nilikuwa sijauona: tope lilikuwa limekauka baina ya vidole. "Umemgusa mwanangu. Na mimi unanifungia."

Nje, chini ya jengo, honi ikalia. Mara moja tu. Kwa adabu.

Mama akainuka. Nikamkamata miguu yake, nikaikumbatia. Akawa ananibembeleza, ananipapasa nywele, "Nifungulie, mwanangu, anarowa kule, anaona baridi, nifungulie…" Sikumfungulia. Nikamshika kwa nguvu zangu zote.

Kisha mlango ukagongwa.

Si juu, wanapogonga watu. Chini. Kwenye ubao nilioegemea, katikati ya mgongo wangu.

"Rere… fungua."

Nilifumba macho nikalia kwa sauti ili nisisikie. Sikufungua. Mama aliacha kunipapasa. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akaniangalia. Nimeishi na macho yale mpaka leo.

"Basi," akasema. "Khalas. Nitakwenda bila ya mlango."

Akainamisha kichwa kama mtu anayesinzia. Niliposikia adhana ya Isha nikamwita aamke tusali. Nikamgusa bega. Upindo wa abaya yake ulikuwa umerowa.

Waliomwosha mama kabla ya maziko ni jirani yetu Bi Khole na wenziwe. Alipotoka chumbani Bi Khole akanivuta pembeni, macho mekundu. "Mwanangu, mama yako alikuwa mwepesi. Tumemnyanyua wawili kama tunanyanyua nguo iliyoanikwa." Akasita. Kwetu wazee husema mtu akichukuliwa huachwa mfano wake tu, mgomba uliotiwa sura, watu wauzike na kuusomea. Nilimwona Bi Khole analifikiria hilo, na nilimwona analimeza. "Mungu amrehemu," akamaliza. Sikutaka kumfunua uso. Niliogopa kumtizama nikaona alichokiona mama kwa Anas.

Baada ya siku za tanga nilirudi kazini, nikauweka ufunguo juu ya meza ya Samir. Akauangalia, hakuelewa.

"Gari imeshachukuliwa jioni ile ile," akasema. "Bibi alilipa zote, taslimu. Ulipoondoka nikampa kijana wake ufunguo wa akiba."

"Kijana gani?"

"Aliyekuja kumwendeshea. Mrefu, mkimya. Nguo zote zimerowa, nikamuuliza mvua imenyesha wapi. Akaniuliza tu wewe siku hizi unakaa jengo lipi."

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Samir akaniletea maji. Alifurahi sana kwa gari ile, alikuwa hajauza nyengine kubwa mwezi mzima, akaona haya kufurahi mbele ya mfiwa.

Kazi niliiacha mwisho wa mwaka. Sikuweza tena kumfungulia mtu mlango wa nyuma na kumwambia aone nafasi ilivyo. Nyumbani nilibaki peke yangu, na nyumba ya mtu mmoja Maskati ina sauti nyingi. Mashekhe wawili walikuja wakasoma. Mmoja akaniambia ni wasiwasi wa msiba, nimshukuru Mungu. Wa pili alisoma, akafunga msahafu, akaondoka bila ya kunywa kahawa.

Jioni moja, baada ya muda mrefu, nilikuwa natoka Maskati ya zamani kwa miguu, napita ufukweni kuelekea Matrah. Gari zilikuwa zimesimama kwa foleni. Nikaiona ile fowili katikati yao. Imelala chini nyuma, springi zimechoka, vioo vyote vina ukungu. Kioo cha mlango wa mbele kilikuwa kimeteremshwa. Bibi alikuwa amekaa ubavuni mwa dereva. Dereva sikumwona, palikuwa na ukungu tu na mikono miwili juu ya usukani.

Harufu ya udi na asumini ikatoka dirishani, imechanganyika na tope.

Sikuogopa. Nilikuwa nimeshachoka kuogopa. Niliteremka njia ya gari, nikasimama karibu naye.

"Leo naomba," nikamwambia. "Naomba kweli. Nipeleke walipo."

Akaniangalia kwa huruma. Hilo ndilo lililonimaliza, ile huruma.

"Tumejaa, mwanangu."

"Nitabanana."

"Bei zimepanda," akasema taratibu. "Kubwa kuliko hii siiwezi."

Nikakipiga kioo cha nyuma kwa kiganja. "Mama! Anas!" Ndani, kitu kikasogea. Mkono ukafuta ukungu kidogo, mduara mdogo, na nikaona jicho moja linaniangalia. Sikujua ni la nani. Ukungu ukarudi, ukaziba.

Foleni ikasogea. Ile gari ikaondoka polepole, imelemewa. Nilibaki nimesimama katikati ya njia mpaka walio nyuma wakaanza kunipigia honi.