Mchoro wa Baridi na Mshumaa wa Mama

Kila asubuhi, majira yale ya baridi, Chibalonza alifungua darasa lake juu ya meza ya chakula. Shule za Sydney zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya Korona, na mtaa wao wa Mount Druitt ulikuwa kimya hata mbwa walikuwa wamechoka kubweka. Mama yake alirudi alfajiri kutoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akavua barakoa, akaoga, akalala. Chibalonza, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi mbili: kusoma kwa kompyuta, na kumzuia mdogo wake Blaise asipige kelele. Ya pili ilikuwa ngumu kuliko hesabu.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa na msiba. Koko, ndivyo walivyomwita bibi mzaa mama, alikuwa amefariki huko Bukavu. Mipaka ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Mama angemzika mzazi wake kwa kutazama simu. Siku ya mazishi ilifika; yangeanza jioni, kwa saa za Sydney. Mjomba Cirhuza angeshika simu makaburini, na kila mjukuu aliye mbali angesema neno la kuaga kabla jeneza halijashushwa. Blaise, aliyezoea kuimbiwa na Koko kwa simu, na ambaye ukimsemesha kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, alikuwa akikariri neno lake siku nzima: "Kwaheri Koko. Ulale salama. Asante kwa kuniimbia."

Kando ya picha ya Koko, Mama aliweka mshumaa mrefu mweupe. Ulikuwa mshumaa wa ubatizo wake Mama. Walipokimbia vita, Koko aliufunga ndani ya kitenge, akaubeba mpaka kambi ya wakimbizi, na siku ya safari ya Australia akamkabidhi binti yake, kisha yeye akarudi Bukavu. Mama alitaka uwake jioni hiyo.

Sasa, siku hiyohiyo mwalimu aliwapa wanafunzi kazi ya kuchora baridi. "Si theluji ya kwenye sinema," alisema. "Choreni baridi mnayoiona dirishani." Walitakiwa kuchora kwanza kwa krayoni nyeupe juu ya karatasi nyeupe, kisha wapake rangi ya maji. Krayoni ni nta, na nta hukataa maji, kwa hiyo mchoro hujitokeza mweupe katikati ya rangi. Chibalonza alichora sakitu, ule umande ulioganda juu ya nyasi, akachora uzio, akachora shina la mti. Mkono wake ulikuwa mzito, akakandamiza, akakandamiza, mpaka krayoni ikaisha kabla mti haujapata matawi.

Alitazama huku na huku. Mshumaa nao ni nta. "Kidogo tu," alijiambia, na wengi walioharibu mambo hapa duniani walianza na kidogo tu. Akachora tawi la kwanza, akachora la pili. Kwenye la tatu, mshumaa ukakatika katikati.

Aliunganisha vipande, akauegemeza mshumaa kwenye picha, akarudi kupaka rangi ya buluu kana kwamba hakuna lililotokea. Matawi yakajitokeza, meupe na mazuri, lakini hakuyafurahia.

Jioni Mama aliamka, akajifunga kitenge, akaushika mshumaa. Kipande kimoja kikabaki mkononi, kingine kikaanguka sakafuni.

"Yesu wangu! Nani amevunja?"

Chibalonza alikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake ulimi ulimtangulia. "Ni Blaise. Alikuwa anauchezea."

"Not me, Mama! Not me!" Blaise alilia.

Lakini nani angemwamini? Mtoto huyo alikuwa na sifa ya kugusa kila kitu. Na Mama alikuwa na majonzi, tena amechoka. "Nenda chumbani," alisema. "Leo hutazungumza na Koko."

Mlango ukafungwa, na simu ikaita.

"Dada, munatuona?" aliuliza Mjomba Cirhuza. "Padri ameisha fika."

Mama alilia bila sauti. Chibalonza alipopewa simu, aliyaacha maneno yote aliyoyaandaa. Alisema "Kwaheri, Koko," basi.

"Na Blaise iko wapi?" aliuliza Mjomba. "Koko alikuwa anamupenda sana ule mutoto."

Mama aligeuka kuutazama mlango wa chumba. Hapo Chibalonza alimsikia mdogo wake nyuma ya mlango, akirudia kwa kwikwi: "Kwaheri Koko. Ulale salama. Asante kwa kuniimbia." Alikuwa akiuambia mlango.

Chibalonza hakuweza tena. "Mama, ni mimi! Niliuchukua nichoree. Blaise hakuugusa!"

Mama alikimbilia chumbani. Alirudi amembeba Blaise, lakini mtandao ulikuwa umekatika. Wakapiga, wakapiga tena. Mjomba alipopatikana, watu walikuwa wameanza kuondoka, na pale palipokuwa na jeneza palikuwa na kifusi cha udongo mwekundu na msalaba.

"Where is Koko?" Blaise aliuliza.

Mjomba aliisogeza simu karibu na udongo. Blaise akasema neno lake lote, bila kukosea. Kisha akamgeukia dada yake na kumuuliza kama Koko amesikia. Chibalonza alimkumbatia, akalia, akamwomba msamaha, na Blaise, ambaye hajui kuweka kinyongo, akampangusa machozi kwa mkono wa sweta.

Mama aliwasha vipande vyote viwili vya mshumaa, akawaketisha watoto wake huku na huku.

"Nisamehe, Blaise," alisema. "Nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza." Kisha akamshika Chibalonza mkono. "Mshumaa si kitu, mwanangu. Umevunjika, na bado unawaka. Ungeniambia mchana, ningekasirika, halafu ningekusamehe, na mdogo wako angemuaga bibi yake. Kweli umeisema, nami nashukuru. Lakini siku nyingine iseme mapema. Ukichelewa, utakuta kaburi limeshafukiwa."