Kilichotolewa Begini

Jumatatu asubuhi mke wa Mizani alikuta vitu vimepangwa sakafuni mwa stoo. Jiko la gesi, kisu, filimbi, dira, soksi jozi mbili, tochi. Vilikuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Begi la mgongoni lilikuwa pembeni, limegeuzwa nje ndani.

"Baba watoto, ukimaliza ukaguzi wako uwe unarudisha vitu," alisema. "Nimekanyaga filimbi, nusura nivunje shingo."

Mumewe alisema sawa. Hakuwa ameligusa begi hilo kwa wiki tatu. Lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefia mlimani.

Wawindaji wenzake walimwita Mizani, maana hakuna kitu kilichopanda mlima naye bila kupimwa. Alikata mipini ya miswaki. Alibandua lebo za mashati. Mbuzi mwitu wa kule juu, alikuwa akisema, anaishi mahali ambapo kilo moja ya ziada inayobebwa asubuhi inakuwa kumi jioni, na aliyechoka hulenga vibaya. Walimtania kwamba hata mke alimpima kwanza ndipo akaoa.

Usiku wa kuamkia safari, begi la shemeji lilizidi uzito.

"Shemeji, unawinda au unahama?" Mizani alimuuliza.

"Nahama. Kelele za dada yangu si unazijua mwenyewe?" kijana alijibu, akaenda kulala akicheka.

Mizani alibaki na mizani yake. Akatoa mfuko wa kulalia, kilo moja na robo, akauficha juu ya kabati la stoo. Hemani mwake mlikuwa na blanketi la kuwatosha wote wawili. Hakumwambia, asije akabishana.

Usiku wa kwanza na wa pili Mizani alimfunika blanketi lake kabla kijana hajafungua begi, na siku ya tatu waliachana ili wamwendee mbuzi kutoka pande mbili. Ukungu ukashuka. Mizani alirudi hemani. Shemeji hakurudi. Asubuhi alimkuta chini ya mwamba amejikunja, na mbele yake vitu vyote vya begi vimepangwa mstari juu ya jiwe, kimoja kimoja. Begi lilikuwa limegeuzwa nje ndani. Alikuwa ameutafuta mfuko mpaka mwisho.

Waokoaji waliuliza ilikuwaje mtu apande bila mfuko wa kulalia.

"Aliusahau nyumbani," Mizani alisema.

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla ya jeneza. Tangu siku ile mkewe alikuwa akiyarudia, akiosha vyombo, akianika nguo: "Mzembe tangu utotoni, mdogo wangu yule. Mtu unasahauje cha kujifunikia?" Kila alipoyasema, Mizani alitafuta kazi nje.

Jumanne vilikuwa vijiko vya jikoni. Jumatano, nguo za kabatini. Nyumba ilianza kunuka sufu iliyoloa na jiwe baridi, hata madirisha yakiwa wazi na jua kali nje. Alhamisi, wakila chakula cha mchana, walisikia zipu ikifunguliwa stooni, polepole, kutoka ncha moja hadi nyingine. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mezani.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani anafungua zipu?" Alimshika mkono. "Kuna kitu kinatafuta humu ndani. Kinatafuta nini?"

Mizani alijua. Siku iyo hiyo aliushusha mfuko, akaupeleka jalalani, akaumwagia mafuta ya taa. Alisimama pale mpaka ukawa majivu, akajiambia kwamba kisichokuwepo hakitafutwi.

Ijumaa binti yao wa miaka sita alirudi kutoka shuleni akalala kidogo, kama kawaida yake. Mizani alipopita mlangoni aliona sweta lake sakafuni, kando yake soksi ya kulia, kisha ya kushoto, kisha shuka lililokunjwa, vyote kwenye mstari mmoja unaoanzia kitandani na kuelekea kwake, na mwisho wa mstari ule akamwona mtoto amejikunja juu ya godoro tupu, midomo imekuwa ya kijivu, pumzi inamtoka kama moshi ndani ya chumba ambacho yeye mwenyewe alikuwa akitokwa jasho.

"Baba," mtoto alisema kwa sauti ndogo, "mwambie aache kunipekua. Nimeshamwambia sina."

Walimfunika mablanketi manne. Mkono wake ulibaki baridi kama bomba la maji.

Mganga alikuja kabla ya jua kuzama. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alikataa chai. Alizunguka vyumba vyote, akakaa muda mrefu stooni, akarudi kumshika mtoto nyayo.

"Ni mdogo wangu?" mkewe aliuliza. "Mama, niambie. Ni yeye?"

"Mdogo wako amelala, mwanangu. Hili ni jini la mlimani. Lilimkuta usiku wake wa mwisho, likakaa naye. Lilimwona akitafuta, nalo likajifunza kutafuta, likashuka na begi lake. Halijui linatafuta nini. Linajua tu kwamba halijapata." Akavua miwani. "Lionyeshwe hicho kitu, litaondoka. Nani anakijua?"

Stooni zipu ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka. Mtoto akaanza kutetemeka meno.

Mizani alimtazama mkewe, akaona kwamba akinyamaza atabaki na mke na kumpoteza mtoto, na kwamba hata hapo, hata mbele ya midomo ile ya kijivu, kuna sehemu yake iliyokuwa bado inapima, na ni aibu ya kujua hivyo ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Hakuusahau," alisema. "Mimi niliutoa. Begi lilikuwa zito. Niliutoa amelala."

Mkewe hakupiga kelele. "Uko wapi?"

"Nimeuchoma. Jana."

Mganga alivaa miwani yake. "Basi hakuna cha kulionyesha. Halitatoka. Mama, mchukue mtoto muende. Lilichokuwa likimwuliza mtoto, sasa limesikia nani wa kuulizwa."

Mkewe alimbeba binti, akachukua kanga moja tu. Mlangoni aligeuka.

"Wiki tatu nimemtukana mdogo wangu," alisema. "Hata kaburini pake nilimtukana. Nawe unasikiliza."

Kupitia dirishani Mizani aliwaona wakivuka geti, na hapo hapo binti akainua kichwa begani mwa mama yake, mashavu yamerudiwa na rangi, akaomba maji. Mganga aliwafuata bila kugeuka nyuma.

Mizani alienda kukaa kitandani. Baridi ilikuja kutoka stooni, ikapita ukumbini, ikafika magotini pake, na katika baridi ile vidole visivyoonekana vikaanza kumpekua, mfuko wa shati, mfuko wa suruali, mikunjo ya kola, kwa subira ya mtu anayeamini kwamba mwenzake hawezi kuwa amemwacha hivi hivi, na sikioni pake kulikuwa na meno yanayogongana.

Hakukimbia. Alilala upande, akainua ukingo wa blanketi, akasogea kuacha nafasi.

"Ingia," alisema.

Godoro likabonyea.