Kipande Kilichokataa Kufutwa

Rafiki yangu Musili si mtu wa kutia chumvi. Mwaka 2003 alikuwa akitunza kompyuta za kiwanda cha nguo huko Athi River. Mchana mmoja kompyuta kuu ilianza kukwama, akaingia chumba cha mashine hiyo, kisicho na dirisha.

Mashine hugawa kumbukumbu yake vipande, na huhesabu programu zinazoshikilia kila kipande. Hesabu ikifika sufuri, kipande hufutwa. Kimoja kilikataa. Musili alizima programu zote, lakini hesabu ikabaki moja.

Stima ikapotea. Kompyuta ikaendelea kwa betri, ikilia pip, pip.

"Pauline, niletee tochi!" akamwita mwenzake wa ofisi ya pili.

"Nakuja, niko na simu!"

Musili hakutulia. Akakifungua kile kipande kwenye skrini, asome kilichomo. Mstari wa kwanza: *Pauline, niletee tochi.* Wa pili: *Nakuja, niko na simu.* Mashine ile haikuwa na kinasa sauti.

Viatu vya Pauline vikasikika koridoni. Mstari wa tatu hakuna aliyekuwa ameusema bado: *Pauline, usiingie.*

Kitasa kikaanza kuzunguka.