Chupa Moja, Mtu Mmoja

Mama alipofikisha siku ya tatu na macho mekundu, nilifunika cherehani nikaenda kumnunulia dawa. Jua lilikuwa linazama.

"Fanya haraka, Kifungo," alisema. Nilimeza kifungo nikiwa mdogo, akanipa jina hilo. Hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Muuza dawa hakuwa mtu wa maneno mengi. "Chupa moja, mtu mmoja. Ncha isiguse jicho. Maumivu yakizidi, au akiona ukungu, mpeleke hospitali."

"Nimekusikia, kaka."

Kusikia nilisikia. Kutii ndiko kulikonishinda.

Nje, kwenye benchi la duka, alikaa mwanamke wa makamo. Macho yake yalikuwa mekundu yote, hata weupe haukuonekana. Alinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Mwanangu... tone moja tu."

Mimi kumnyima mtu kitu nilichokishika mkononi siwezi. Niliinamisha chupa. Akainua uso ghafla, ncha ikamgusa jicho.

Hakupepesa.

Niliifuta ncha kwa upindo wa gauni, kama ninavyofuta sindano, nikaenda zangu. Nyumbani nikamtilia mama matone mawili kila jicho.

Asubuhi macho yake yalikuwa meupe pe. Nilifurahi, nikaitupa chupa kwenye gari la taka lililokuwa linapita. Kisha mama akatoka chumbani akipapasa ukuta, akafungua stoo akitafuta choo. Miaka ishirini anaishi humu.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama, mwanangu."

"Mama... mimi ni nani?"

Alinitazama bila kupepesa.

"Si wewe uliyenisaidia pale kwenye benchi?"

Mama yangu hakuwa ametoka nje siku nne.

Jioni nilirudi dukani. Sikukimbia, sikulia. Mwanamke yule alikuwa pale pale, na harufu ile ile... macho yakimchuruzika.

"Kifungo," alinong'ona. "Mbona umeniacha huku?"

Nilimshika mkono, nikamleta mpaka mlangoni kwetu. Yule wa ndani alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Nilimsikia akipumua.

"Usimwingize," alisema, kwa sauti ya mama. "Atatuambukiza."

Sauti hiyo nimeitii tangu utoto. Nilimrudisha kwenye benchi.

Tangu hapo nimenunua chupa tatu za dawa ile ile. Nagusisha ncha kwenye jicho la huyu, kisha la yule. Hakuna kinachobadilika. Muuza dawa anasema labda tatizo ni chupa, inatakiwa ile ile iliyowagusa wote wawili. Nilimwambia ile ya kwanza ilikwenda na taka, akainamisha kichwa, akaendelea kupanga makopo yake.

Mchana nashona. Siku hizi sisikii hata sindano inaponichoma. Yule wa nyumbani hukaa nyuma yangu akinitazama, na chakula anapika vizuri tu.

Jioni nanawa mikono, naenda kumtilia mama dawa. Kila siku ananiuliza kama nimekuja kumchukua.

"Kesho, mama," namwambia.