Vizibo Chini ya Kifaru cha Clive

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Wiltshire, Uingereza, Mzee Pocock alipojipenyeza chini ya kifaru cha vita cha Clive ndani ya ghala, chali, tochi mkononi. Kazi ndogo tu. Clive alitaka kujua amenunua nini hasa kabla ya kukipeleka kwenye maonyesho.

Kwa juu kilikuwa kifaru cha Kijerumani, na msalaba wake na mzinga wake. Bati tupu! Kilitengenezwa na watu wa filamu. Chini ya bati hilo kulikuwa na gari jingine, na Mzee Pocock, fundi wa jeshi maisha yake yote, ndiye aliyeitwa kulitambua.

"Na hiyo sauti, mzee," Clive alinong'ona. "Ukiisikia usinicheke."

"Sauti gani? Umelewa wewe."

Ko... ko... ko...

Ilitoka kwenye kiti cha dereva, ambako watu wa filamu walikuwa wameuziba mlango kwa bati.

"Panya," alisema mzee.

Akakwangua rangi. Kijivu. Chini yake, kijani cha jeshi alilolitumikia. Kumbe ni deraya, gari la chuma la kubebea askari! Nambari ilikuwa imesagwa, ila vizibo vya sakafu vilikuwepo. Vizibo hivyo hufunguliwa gereji ili maji ya mvua yatoke. Dereva asipovirudisha kabla ya kuvuka mto, maji huingia, ndiyo basi tena.

Neil, mwanawe, dereva wa jeshi, ilisemekana hakuvirudisha. Alizama peke yake ndani ya deraya, na wakubwa wakasema ni uzembe. Mzee Pocock aliamini. Makaburini alitamka mbele ya mama mtu, "Kajitakia." Tangu siku hiyo mkewe hakumwita tena kwa jina.

Harufu ya tope la mto ikamjia... na ghala lilikuwa kavu.

Akashika kizibo cha kwanza. Kiligoma, kisha kikazunguka. Shingoni kilikuwa kimezungushiwa sufu nyekundu, ile ya kufumia ya mama yake Neil. Neil peke yake ndiye aliyefunga vizibo namna hiyo. Wenzake walikuwa wakimtania, "Kaivalisha deraya sweta!"

Kizibo cha pili, sufu. Cha tatu, sufu. Vyote vimekazwa barabara.

"Mungu wangu... Mwanangu hakusahau."

"Nani?" aliuliza Clive.

Tochi ilikuwa imefika kwenye kiraka cha sakafu. Mshono wake wa kuchomelea ulikuwa umepasuka mwanzo hadi mwisho, njia tosha ya mto kuingia. Kila fundi ana mkono wake, na mshono ule aliujua.

Ulikuwa wake mwenyewe.

Ko, ko, ko! Juu ya uso wake.

Akatoka akitambaa, analia waziwazi. "Clive, lete gesi ya kukatia!"

"Utaniharibia kifaru changu!"

"Kifaru gani? Mwanangu yumo humu!"

Bati lilipoanguka na mlango kufunguka, kiti kilikuwa kitupu. Kimelowa chapachapa. Mzee akainama, akaingiza mkono gizani.

"Neil... ni mimi, baba yako. Hukukosa kitu, mwanangu. Kosa lilikuwa langu."

Vidole baridi vikamshika, kwa nguvu za mtu anayezama.

Vikaanza kuvuta.

"Mzee, toa mkono!" Clive alipiga kelele. "Toa mkono!"

Mzee Pocock hakuutoa.